Hodi Kwenye Kinywa cha Mama

Kama ulisoma katika shule yoyote ya upande wa Bel-Air, mjini Lubumbashi, kuna uwezekano mkubwa umewahi kukaa juu ya kazi ya Léonie. Ni fundi wa sare, sketi na suruali za bluu na mashati meupe, na sifa yake kubwa ni kwamba ndani ya kila mshono huacha kitambaa cha akiba, ili mtoto akinenepa au akirefuka nguo ifumuliwe kidogo na kushonwa upya. Wazazi wanaotaka nguo ibane, eti mtoto apendeze siku ya kwanza, huwafukuza kwa maneno.

"Mutoto haiko kiti," huwaambia. "Kiti inabakia vile vile. Mutoto anakomaa."

Ni mjane, mnene, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, na hubishana na redio kama vile redio itamjibu. Alizaliwa Mitwaba, mbali upande wa kaskazini. Watu humcheka kwa mengi, lakini kwa kazi yake hakuna anayethubutu.

Nyumbani anaishi na mjukuu wake, Numbi, msichana wa miaka minane. Mama mzazi wa mtoto, Nono, hushughulikia makaratasi ya malori katika mpaka wa Kasumbalesa, na malori hayajui Jumapili, kwa hiyo hurudi Lubumbashi akipata upenyo. Hapa inabidi nieleze jambo, maana bila hilo mengine yote yataonekana wazimu. Numbi alipewa jina la mama yake Léonie, aliyefariki Mitwaba zamani, mtoto mwenyewe hajazaliwa. Na katika ukoo ule jina halirithiwi likiwa tupu, linakuja na mwenyewe. Kwa hiyo Léonie humwita mjukuu wake "Mama", na mjukuu humwita yeye "Kambo", yaani bibi. Hamkaripii hata siku moja. Kuku akipikwa, firigisi ni ya Numbi, na kiti chenye mto ni cha Numbi. Mtoto naye aliijua heshima hiyo na namna ya kuitumia. Akitaka sukari zaidi katika chai hakuomba. Alikohoa tu taratibu, kama mkwe aliyekuja kutembea, na sukari ilifika.

Usidhani Léonie alikuwa akicheza. Mama yake alipougua, yeye alikuwa Lubumbashi, mvua ilikuwa imekata barabara, na alipofika Mitwaba aliwakuta watu wameshatoka makaburini. Dada zake ndio waliomnywesha mgonjwa uji. Yeye aliachiwa sanduku, na ndani ya sanduku picha moja ya pekee. Masika yaliyofuata paa likavujia sanduku, na uso wa mama yake ukageuka doa jeupe lililofungwa kilemba. Tangu hapo sura ile ilimtoka kichwani kidogo kidogo. Alibaki akikumbuka mwanya wa meno ya mbele tu, mwanya uliokuwa ukisifiwa Mitwaba nzima. Macho, mashavu, kidevu, vyote vilikwenda. Hilo lilimuuma kuliko msiba wenyewe. Kusahau sura ya aliyekuzaa ni jambo la kumwambia nani?

Sasa Numbi alikuwa mtoto wa kinywa wazi. Mchana kinywa wazi, usingizini kinywa wazi, akikoroma kuliko marehemu babu yake. Alitafuna upande mmoja, taya likienda pembeni, na darasani alisinzia hadi mwalimu akalalamika. Léonie aliyaita mafua. Akamfukizia majani ya mikaratusi, nyumba nzima ikanuka dawa, na mafua hayakuisha kwa sababu hayakuwepo. Nono ndiye aliyechoka. Aliomba ruhusa kazini, akawapeleka wote wawili mjini kwa Docteur Ntumba, daktari wa meno ya watoto, mwanamke kijana wa asili ya Kasai, mwenye mikono midogo na subira nyingi.

Docteur Ntumba alimtazama Numbi mdomoni kwa taa, kisha akachukua fuvu la plastiki juu ya meza na kumgeuzia Léonie upande wa chini. Taya la juu la mtoto, alisema, ni jembamba mno. Meno ya juu yalikuwa yametumbukia ndani ya yale ya chini, kama kifuniko kidogo kilichozama katika sufuria kubwa.

"Mama, ona hapa. Palais, ile paa ya kinywa, haiko mufupa moja. Iko mifupa mbili, inakutana hapa katikati. Kwa mutu mukubwa imeshafungana. Kwa mutoto, bado. Hapa kuko mushono."

Léonie, ambaye tangu aingie alikuwa akiangalia pindo la koti la daktari lililoshonwa ovyo, aliinua kichwa.

"Mushono?"

"Mushono kabisa."

"Nani alishona?"

Docteur Ntumba alicheka. "Mi mwenyewe niliuliza vile, ku université. Habakunijibu."

Léonie hakucheka. Alishika lile fuvu, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mstari mwembamba uliopita katikati, kutoka mbele hadi nyuma. Miaka yote ile alikuwa akijisifu kwa wazazi wa watoto kwamba ni yeye peke yake Lubumbashi nzima anayeacha akiba ndani ya mshono, kumbe kuna aliyemtangulia, tena alikuwa ameiacha ndani ya kichwa cha mjukuu wake! Aliogopa, nisikufiche. Ni ile hofu ya kuingia kanisani peke yako, halafu ukahisi kwamba hauko peke yako.

"Njo maana tunafanya mapema," daktari akaendelea. "Akikomaa, mushono inafunga, na pale itakuwa opération. Sasa nitamuwekea appareil, iko na ka vis, ka skrubu kadogo, hapa katikati. Kila mangaribi munazungusha na kafungulo, mara moja. Ile mifupa itaachana pole pole, na pale katikati mufupa mupya itaota."

"Itaota yenyewe?"

"Yenyewe, mama."

"Na kukoroma?" aliuliza Nono.

"Paa ya kinywa njo sakafu ya pua. Tukipanua hapa, pua nayo inaweza kupata njia. Siwezi kukuahidi. Lakini batoto mingi, kisha hapo, banafunga kinywa, banapumua na pua."

Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, lakini sidhani kama walikuwa na habari za mifupa ya kichwa. Baada ya wiki kifaa kikawa tayari, kikagandishwa kwenye meno ya nyuma ya Numbi, chuma kikakaa juu ya ulimi kama buibui aliyejikunyata. Kisha daktari akatoa ufunguo, waya mwembamba wenye mpini wa plastiki, na kuuliza nani atakuwa akizungusha. Nono alikuwa anarudi Kasumbalesa. Macho yote yakamgeukia Léonie, naye akaficha mikono nyuma kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Mi siwezi. Uyu ni mama yangu."

Docteur Ntumba alimwangalia Numbi, ambaye alikuwa akining'iniza miguu kitini na soksi moja imeshuka, akaelewa. Kwao pia majina yana wenyewe.

"Naelewa, mama. Mukono mu kinywa ya muzazi, ni bunene, ni jambo nzito." Akafikiri. "Lakini mama yako, wakati aliugua, hakuna mutoto wake mwenye alimutia dawa mu kinywa?"

Daktari hakujua alichogusa. Walikuwepo waliomtia dawa, wote isipokuwa mmoja. Machozi yalimlenga Léonie, akajikaza kisabuni, akanyoosha mkono.

"Leta."

Jioni ya kwanza alimkalisha Numbi kwenye kiti chenye mto, karibu na dirisha, mwanga wa machweo ukiingia vizuri. Alinawa mikono mara mbili. Alivaa kitenge safi. Kisha akabaki amesimama na ule waya mkononi, hajui aanzie wapi, maana hakuna aliyewahi kumfundisha mtu namna ya kuingia katika kinywa cha mama yake. Akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye adabu hufanya mbele ya mlango wa mwingine.

"Odi, mama."

Numbi, kichwa nyuma, mdomo wazi, alifikiri kidogo. Kisha akajibu kwa sauti nzito, iliyochanganyika na mate na chuma:

"Karibu."

Basi ikawa hivyo. Kila jioni hodi, kila jioni karibu. Léonie alichomeka ncha katika tundu, akasukuma kuelekea kooni, polepole, hadi tundu jingine likachungulia. Ulikuwa msogeo mdogo kuliko unene wa sindano. Mtoto alifumba macho na kusema anahisi mtu anamsukuma katikati ya pua, kwa ndani, halafu ikapita. Léonie alichomoa ufunguo na kuupiga busu, kisha akauweka katika kopo la pini. Mfupa, ndugu yangu! Mfupa unaovunja meno ya mbwa, yeye anausogeza kwa vidole viwili, na mtoto anashuka kitini kwenda kucheza.

Kula kulikuwa vituko. Bukari, ugali wa huku, lilinata juu ya chuma, na sombe, yaani kisamvu, ndiyo usiseme, nyuzi za majani zilijifunga kwenye skrubu, Numbi akawa anatembea na shamba zima mdomoni. Alitema mate akizungumza, na s zote zikageuka filimbi. Léonie aliyavumilia yote. Alimsafisha kwa mswaki na maji, akiomba radhi kila anapogusa jino, na wateja waliokuwa wakisubiri sketi walimsikia bibi mzima akimsihi mjukuu: "Mama, unisamehe, ni mu kona moja tu inabakia."

Kisha ikaja asubuhi moja. Numbi alikuwa ameketi kizingitini akivaa viatu, mbuzi wa jirani akapita na sidiria ya mtu imenasa kwenye pembe, na mtoto akacheka. Léonie aligeuka kutoka kwenye cherehani. Katikati ya meno ya mbele, mahali ambapo jana yake hapakupita hata uzi, palikuwa na mwanya.

Kopo la pini lilianguka. Léonie hakuliokota. Alipiga magoti palepale, zulia limejaa pini, akamshika mtoto mashavu.

"Ucheke tena."

"Kambo, mbuzi ameshaenda."

"Ucheke tu, mama. Nakuomba."

Numbi akacheka, kwa sababu uso wa nyanya yake ulikuwa kichekesho tosha, na mwanya ukaonekana tena, mweusi, mzuri, wa Mitwaba. Na nyuma ya mwanya, kwa muda wa kupepesa jicho, kulikuwa na uso. Léonie aliuona ukija, ukasimama karibu kabisa, ukaondoka kabla hajaushika. Alilia na kucheka kwa pamoja, hana habari na pini magotini.

Nono, alipopigiwa simu, aliogopa jino limeng'oka. Daktari alipopigiwa, alifurahi. Hiyo ndiyo alama, alieleza: mshono umefunguka, kila upande umekwenda na jino lake. "Lakini ile mwanya itafunga yenyewe, mama, tukisha kuacha kuzungusha. Usishangae." Léonie aliitikia ndiyo, ndiyo. Sikio husikia linalopenda.

Wiki zile alikuwa mtu mwingine. Alimshonea Numbi gauni la kiuno kifupi, mtindo uliovaliwa Mitwaba wakati wa ujana wa mama yake. Alitafuta kila njia ya kumchekesha: alijikwaa kwa makusudi, alivaa kikapu kichwani, aliiga sauti ya katekista. Kila kicheko kilileta kipande. Leo alikumbuka shavu lenye kovu la tetekuwanga. Kesho, namna nyusi zilivyokaribiana. Ila uso mzima ulikataa kukaa. Unakuja na kicheko, unakwenda na kicheko, naye anabaki amenyoosha shingo.

Siku ya kupimwa, Docteur Ntumba aliinama juu ya kinywa cha Numbi, akasema: "Basi. Imetosha. Meno ya juu imeshatoka inje ya ile ya chini. Usizungushe tena, mama. Appareil itabakia miezi, ile mufupa mupya ipate nguvu. Fungulo ukae nayo, nikiona ni lazima tena, nitakuambia mi mwenyewe."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Meno yaliyoachana bila kuguswa na mtu yakaanza kurudiana bila kuitwa na mtu. Léonie aliyapima kwa uzi wa kushonea. Kwanza nyuzi zilipita kwa wingi, halafu chache, halafu mmoja kwa shida. Usingizi ukampaa. Sare zikarudi na vifungo vilivyopotoka, jambo lisilowahi kutokea. Mama yake alikuwa anaondoka mara ya pili, na safari hii yeye alikuwepo, anatazama, na ufunguo uko katika kopo lake mwenyewe.

Na fundi ana mawazo ya fundi. Mshono ukibana, unafumua. Kuna akiba ndani. Kuzungusha mara moja kutamdhuru nani? Mara mbili? Hakujiuliza ni akiba ya nani, wala inaishia wapi.

Jumapili baada ya misa alimkalisha Numbi kwenye kiti chenye mto. Alinawa mikono mara mbili, akavaa kitenge safi. Jua lilikuwa bado juu.

"Odi, mama."

Numbi alifungua kinywa kwa mazoea, kisha akakifunga.

"Docteur alisema basi."

"Naijua."

"Sasa unataka kuzungusha juu ya nini?"

Léonie angeweza kudanganya. Mtoto mwingine angemdanganya, lakini huyu hakuweza, kwa sababu ya jina lile lile. Akaketi chini, ufunguo mapajani, akasema yote: picha iliyolowa, barabara iliyokatika, uji ambao hakuunywesha.

"Mi nimesahau sura ya mama yangu," akasema. "Njo ile mwanya tu ilikuwa inanionyesha. Ikifunga, ataenda tena. Wacha nizungushe kidogo, mama. Kidogo tu."

Mahali fulani jirani alikuwa akitwanga. Numbi alimtazama nyanya yake kutoka juu ya kile kiti, na sijui alilipata wapi jibu lile, kama ni kwenye ujanja wa watoto au kwenye jina.

"Mutoto yangu," akasema, polepole, "rudisha ile fungulo. Sijasema karibu."

Hakuna mlango duniani ambao Léonie angeuingia baada ya kuambiwa hivyo. Alisimama, magoti yakilia, akaufungia ufunguo katika kipande cha kitambaa ili kesho yake umrudie daktari, akaenda kuketi mbele ya cherehani, mgongo kwa mtoto. Alichukua shati. Hakushona. Aliipigapiga meza kwa kidole, akakasirika na redio iliyokuwa imezimwa. Moyoni alikuwa anamzika mama yake, na safari hii pia hakupewa nafasi ya kumuaga.

Baadaye, hakujua ni baada ya muda gani, aligundua kwamba anasikia kitu kisichokuwepo. Nyumba ilikuwa kimya mno. Ile pumzi ya kinywa, ya kukwaruza, aliyoizoea hadi akaacha kuisikia, haikuwepo. Aligeuka kwa hofu.

Numbi alikuwa ameshuka kitini. Ameketi juu ya mkeka, na ungo wa maharagwe magotini, akichagua mawe. Hakuna aliyemtuma, pengine aliona huzuni ya nyanya yake na hakujua afanye nini kingine. Kichwa kimeinama. Midomo imekutana, imetulia, mmoja juu ya mwingine, na pua ndogo ikivuta hewa na kuirudisha bila sauti. Miaka yote minane Léonie hakuwahi kuiona sura ya mtoto huyu ikiwa imefungwa.

Na pale ndipo alipomwona.

Mzima. Nyusi zilizokaribiana, shavu lililojaa, kidevu kilichorudi nyuma kidogo kwa kufikiri, mdomo uliofungwa wa mwanamke anayechagua maharagwe na hataki kuzungumzishwa. Kwani mama yake alikuwa akicheka mara ngapi? Siku za harusi, siku za mavuno. Mwanya ule ulisifiwa kwa sababu ulikuwa adimu. Siku nyingine zote alikuwa hivi, amefunga kinywa, mikono kazini, akipumua. Sura ambayo Léonie aliitafuta katika meno ilikuwa ikingoja midomo ikutane, na mfupa aliousogeza kwa mkono wake mwenyewe, jioni kwa jioni, ndio ulioikutanisha.

Uso haukuondoka. Ulikaa pale, ukachagua jiwe, ukalitupa. Léonie alihisi nywele zikimsimama chini ya kilemba. Akajishika mdomo kwa mikono yote miwili ili asitoe sauti, machozi yakampita katikati ya vidole.

Numbi akainua macho.

"Kambo, unaangalia nini?"

"Umefika, mama," alinong'ona Léonie. "Umefika."

Mtoto alimtazama, akatazama maharagwe, akamtazama tena.

"Mi niko hapa tangu asubui," akasema, akafunga kinywa chake, akaendelea na kazi.